Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006: sevisi zihesabiwe kwa kilomita au kwa muda, hapa Dar es Salaam?

Mkazi wa Goba

Habari za jioni, ndugu zangu. Wiki hii nimetoa bandarini gari aina ya Subaru Impreza WRX STI, toleo la Japani la mwaka 2006, lenye injini ya EJ207 ya lita 2.0 inayotumia turbo, gia sita za mkono na breki za Brembo. Karatasi ya mnada iliandikwa kilomita 78,000 na odometa inakubaliana nayo. Kitabu cha sevisi kimo ndani ya gari, ila kimeandikwa Kijapani, na mihuri ya gereji inakoma muda mrefu kabla gari halijauzwa, kwa hiyo sina ushahidi wowote wa kilichobadilishwa katika miaka ya mwisho.

Matumizi yangu ni haya: siku za kazi natoka Goba, napita Makongo hadi Mwenge, kisha naingia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mpaka Posta, na jioni narudi njia ileile. Kipande cha mwisho cha kufika nyumbani ni cha vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwisho wa juma hupenda kulinyoosha gari kuelekea Bagamoyo au Chalinze, alfajiri, kabla malori hayajajaa barabarani. Sina mpango wa kuongeza nguvu za injini. Nataka tu gari hili lidumu, kwa sababu nililiwekea akiba kwa miaka mingi na ninalipenda kwa dhati.

Tatizo langu ni kwamba mafundi niliowauliza wamenipa majibu yasiyopatana. Wa kwanza ameniambia mkanda wa taimingi ni wa kilomita 100,000, hivyo bado nina kilomita 22,000 za kutembea bila wasiwasi. Wa pili ameshauri kila kitu, kuanzia oili hadi plagi, kibadilishwe kila kilomita 3,000 kwa kuwa gari ni la turbo. Wa tatu anasema joto la Dar es Salaam linataka oili nzito ya 20W-50, na kwamba oili nyepesi ni ya nchi za baridi. Naomba wenye uzoefu mnieleze: vipindi vya sevisi vya gari la namna hii huwekwa kwa msingi gani, na kwa mazingira yetu nianzie wapi?

Fundi wa Tabata

Ndugu Mkazi wa Goba, hongera kwa gari, na umefanya vema kuuliza kabla hujaanza kulikimbiza.

Vipindi vya sevisi vina vipimo viwili, kilomita na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa. Wengi wetu hapa mjini hushika kilomita na kuusahau muda kabisa. Zaidi ya hapo, watengenezaji huweka ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Kwa injini za turbo za Subaru za kizazi hiki, utaratibu wa Japani ni kumwaga oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu ni nusu yake, yaani kilomita 2,500 au miezi 3. Subaru wa Marekani nao, kwa magari yao ya turbo, walikuja kupunguza kipindi hadi maili 3,750, ambazo ni takriban kilomita 6,000. Matumizi magumu hayamaanishi mashindano peke yake. Vumbi, safari fupi, foleni za kusimama na kuondoka, na injini kunguruma kwa muda mrefu gari likiwa limesimama, vyote vimo. Safari yako ya Goba hadi Posta ina karibu kila kilichotajwa.

Sababu yake utaiona ukihesabu saa badala ya kilomita. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 5,000 baada ya injini kuwaka kwa saa zipatazo 83. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao foleni ya asubuhi huweza kutupa bila tabu, huhitaji saa zipatazo 333 kumaliza kilomita zilezile. Odometa inasema magari hayo yamefanya kazi sawa, lakini oili ya gari la pili imekaa kwenye joto mara nne ya muda wa oili ya gari la kwanza, na muda mwingi wa hapo feni ndiyo iliyokuwa ikisaidia rejeta, kwa sababu hakukuwa na upepo wa mwendo.

Katika injini ya turbo jambo hili ni zito zaidi. Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoutenganisha na beringi zake ni utando mwembamba wa oili tu. Katika injini za EJ, familia ya injini za Subaru ambayo EJ207 yako imo, oili hufanya pia kazi ya kuendesha mfumo wa AVCS, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, na katika baadhi ya njia hizo Subaru waliweka vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti zenye tundu zinazopitisha oili. Ninapofungua bolti hizo kwenye gari lililocheleweshewa oili, hukuta wavu ule, mdogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho, umezibwa na uchafu mweusi unaong'aa kama lami. Wavu ukiziba kwenye njia ya turbo, turbo hukauka, beringi zake husagika, na chembe za chuma huingia kwenye oili na kufika kwenye beringi za krankishafti. Mwenye gari huambiwa turbo imekufa, akanunua nyingine Gerezani, na ile nyingine nayo ikafa kwa sababu bolti haikuguswa. Kwa hiyo sevisi yako ya kwanza iwe na ukaguzi wa bolti hizo, pamoja na gasketi zake mpya.

Kuhusu oili ya 20W-50, simuungi mkono mwenzangu. Namba yenye herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na namba ya pili hueleza uzito wake ikiwa imepata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Injini yenye themostati nzima hufanya kazi katika joto linalokaribiana iwe Sapporo au Kinondoni. Joto letu la nje linaongeza mzigo wa kupoza, na mzigo huo hushughulikiwa kwanza kwa rejeta safi, kulenti (kimiminika cha kupozea injini) sahihi na oili bora inayobadilishwa kwa wakati. Mimi kwenye injini hii ambayo haijaongezwa nguvu huweka oili ya sinthetiki kamili ya 5W-40, inayofika haraka kwenye turbo na kwenye AVCS asubuhi unapowasha, na bado ina mwili wa kutosha ikipata moto. Kipindi chako kiwe kilomita 3,000 au miezi 3, pamoja na filta kila mara. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki ya injini hizi kuna takriban lita 1, na injini yenyewe ina lita 4 na kidogo tu, hivyo ukiiacha ishuke hadi alama ya chini umepoteza sehemu kubwa ya oili yote. EJ hula oili. Dipstiki ichomolewe kila unapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare.

Sasa mkanda wa taimingi. Fundi wa kwanza amesoma kilomita akaacha umri. Mkanda ni mpira, na mpira huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa injini ndugu za EJ, ratiba ya Subaru ya Marekani ilikuwa maili 105,000 au miezi 105, yaani chini kidogo ya miaka 9. Kama mkanda uliomo ni wa kiwandani, umri wake ni umri wa gari, na umepita kikomo hicho zamani sana. Mkanda huo unazungusha kamshafti nne, na injini hii ni ya aina ambayo mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu. Hutapata onyo, kwa kuwa mkanda haupigi kelele kabla ya kukatika. Badilisha sasa, kabla ya safari ya kwanza ya Chalinze, na ubadilishe pamoja na tenshena (kifaa kinachokaza mkanda), beringi zote za kuelekeza mkanda, pampu ya maji na themostati, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo na kuifikia kunahitaji kazi ileile.

Mwagizaji wa Kinondoni

Naongeza jambo moja linaloweza kukusaidia kujua historia kabla hujatumia fedha, mkuu. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika ndogo ndani ya boneti, mara nyingi kwenye kifuniko cha mkanda au karibu yake, ikiwa na tarehe na kilomita. Stika ya oili hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali mlango unapofungia. Mawakala wengine huzibandua wakati wa kusafisha gari, lakini nyingi hufika Dar es Salaam zikiwa salama, na wanunuzi huzing'oa wenyewe wakidhani ni matangazo.

Angalieni mwaka kwa makini. Wajapani wengi huandika mwaka wa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo ukikuta tarakimu 28 kwenye nafasi ya mwaka, ongeza 1988 upate 2016. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, na hapo unaongeza 2018, hivyo tarakimu 3 ya Reiwa ni mwaka 2021. Nimewaona watu wakisoma 28 wakadhani ni siku ya mwezi, wakashindwa kutumia taarifa iliyokuwa mbele ya macho yao. Programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera itakusaidia kwenye kitabu cha sevisi pia. Tafuta humo ukaguzi wa lazima wa serikali ya Japani, ambao kwa gari binafsi hufanyika miaka 3 baada ya usajili wa kwanza kisha kila baada ya miaka 2, kwa kuwa hapo ndipo mafuta ya breki hubadilishwa mara nyingi.

Ukikuta stika ya mkanda yenye mwaka unaoeleweka na kilomita zinazolingana na odometa, una hoja ya kusubiri. Usipoikuta, fuata alivyosema Fundi wa Tabata na uhesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Mhandisi wa Mikocheni

Ninakubaliana na hoja ya mkanda bila kipingamizi. Kwenye oili naomba kutofautiana kidogo na Fundi wa Tabata, kwa heshima. Kilomita 3,000 kwa oili ya sinthetiki kamili ni kipindi kifupi mno kukiweka kama sheria ya maisha ya gari. Oili hiyo ni ghali, na oili chafu inayomwagwa bila sababu nayo ina mahali inapoishia katika mji wetu, mara nyingi kwenye mitaro. Wanaotunza mitambo mikubwa ya migodini hawakisii: huchukua sampuli ya oili, huipeleka maabara, na hupimiwa kiasi cha chuma, shaba, silika ya vumbi na petroli iliyochanganyika. Majibu hayo ndiyo yanayowaambia kama kipindi kirefushwe au kifupishwe. Mwenye gari la thamani kama hili anaweza kufanya vivyo hivyo kwa sevisi chache za mwanzo, kisha akaweka kipindi chake kwa ushahidi.

Hoja yangu ya pili ni kwamba watengenezaji wa magari ya mwendo kasi wenyewe wanaonyesha jinsi muda unavyotangulia kilomita. Ferrari katika mpango wake wa matengenezo wa miaka 7 imeweka sevisi kila kilomita 20,000 au mara moja kwa mwaka, na kwa kuwa wamiliki wengi hawafikishi kilomita hizo, kinachofanya kazi hasa ni mwaka. Ferrari F355 ya miaka ya 1990 ilitakiwa kubadilishiwa mikanda ya taimingi kila baada ya miaka michache hata kama haikutembea, na injini ilishushwa ili kazi hiyo ifanyike. Kwa hiyo anayesema gari lake halijatembea sana, na kwa hiyo halidai sevisi, ajue kwamba hata viwanda vya magari hayo havikubaliani naye.

La tatu ni petroli, ambayo haimo kwenye ratiba yoyote lakini inaamua uhai wa injini. Kiwango cha Japani kwa petroli ya daraja la juu ni oktani (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) isiyopungua 96 kwa kipimo cha RON, na inayouzwa vituoni kwao hukaribia 100. EJ207 imepangwa kwa petroli hiyo. Uliza kituo unachojaza wanauza oktani ngapi, chagua ya juu kuliko zote utakayoipata, na usikanyage mafuta hadi mwisho kwenye gia kubwa ukiwa na mwendo mdogo, kwa maana hapo ndipo injini hugonga. Kompyuta ya gari hurudisha nyuma muda wa cheche inaposikia kugonga huko, lakini hiyo ni kinga ya dharura na haifai kuwa hali ya kila siku.

Fundi wa Tabata

Mhandisi, nashukuru, na hoja ya maabara naipokea kwa mikono miwili. Ila tuzingatie gari lililo mbele yetu. Hatujui ndani yake kuna nini. Oili ya kwanza na ya pili zitakuwa zinasafisha utando ulioachwa na wamiliki waliotangulia, na ningependa zitoke mapema pamoja na uchafu huo. Baada ya hapo, sampuli zikionyesha chuma kidogo na hakuna petroli, kilomita 5,000 au miezi 6 ni kipindi ambacho nitakisimamia. Ninachokataa ni kurefusha kwa kufuata maandishi ya kwenye kopo la oili, kwa kuwa aliyeyaandika hakufikiria injini ya turbo yenye oili ya lita 4 na ushee inayokaa Mwenge kwa nusu saa ikinguruma. Kuhusu oili chafu tuko pamoja: ikusanywe kwenye dumu na ipelekwe kwa wanaoichukua, isimwagwe mtaroni.

Narudi pia kwa fundi wa pili aliyesema kila kitu kibadilishwe kila kilomita 3,000, kwani ushauri huo humchosha mwenye gari mpaka anaacha hata sevisi zilizo muhimu. Plagi za iridiamu za injini hii zimetengenezwa kwenda mbali, na ratiba za Subaru huzipa makumi ya maelfu ya kilomita. Kuzifikia kunahitaji kuondoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili, na mkono uingie kati ya kichwa cha silinda na ubavu wa bodi. Kila unapozifungua bila sababu unahatarisha nyuzi za aluminiamu ambamo plagi imefungwa. Zibadilishe mara moja sasa kwa kuwa hatujui umri wake, kisha uziache. Oili ya gia boksi, ambayo kwenye Subaru ya gia za mkono ndiyo hiyohiyo inayolainisha difu ya mbele, pamoja na ya difu ya nyuma, mimi huzimwaga kila kilomita 40,000. Kwako tuzimwage mara moja sasa, tutazame sumaku ya nati ya kumwagia kama ina unga laini au vipande, kisha tuendelee na kipindi hicho.

Kwenye filta ya hewa mambo yanageuka. Ratiba ya Marekani inaipa maili 30,000, karibu kilomita 48,000, lakini kwa barabara ya vumbi ya Goba ikague kila unapomwaga oili. Ifunue mikunjo yake kwenye mwanga wa jua. Mwanga usipopita, ibadilishe. Usishawishike kuweka filta ya kupakwa mafuta bila kujua kipimo, maana mafuta yakizidi huruka na kuganda kwenye sensa inayopima hewa, kisha gari linaanza kuhesabu petroli vibaya. Mapezi ya intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) iliyoko chini ya tundu la boneti nayo hukusanya vumbi na wadudu, na yasafishwe kwa maji ya mkondo mdogo, kwani mashine ya presha ya kuoshea magari huyalaza.

Baharia wa Kigamboni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimesoma yote, na naona breki hazijapewa nafasi yake, ilhali hilo ni gari la kukimbia na mwenyewe amesema huenda Chalinze.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kwenye unyevu mwaka mzima. Kiwango cha DOT 4 kinadai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Tofauti hiyo ya nyuzi 75 haionekani unapokwenda Posta, kwa sababu breki hazipati moto wa kutosha. Itaonekana siku utakapofunga breki mara kadhaa mfululizo ukiwa kasi: mafuta yanachemka, mapovu ya mvuke yanaingia kwenye mirija, na pedali inazama hadi sakafuni. Vipindi vinavyotumika nje ni kama miaka 2. Mimi nilivyozoea ufukweni huku ni kila mwaka, kabla ya masika, na klachi ifanyiwe hivyohivyo kwa kuwa nayo hutumia mafuta ya aina hiyo. Nunua kopo dogo lililofungwa, na kilichobaki usikiweke kwa ajili ya mwakani.

Ukipita kwenye maji ya mafuriko, ratiba yote inasimama. Siku hiyohiyo au kesho yake, oili ya difu na ya gia boksi itazamwe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia kupitia matundu ya kupumulia, na imwagwe bila kuuliza kilomita.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hapa mjini tairi za mtumba huuzwa zikiwa na kashata nzuri lakini mpira umekwishakauka, na gari la magurudumu manne ya nguvu kama Subaru halitaki hata tairi mpya moja ichanganywe na tatu zilizolika. Subaru hutaka mzingo wa tairi zote utofautiane kwa robo inchi tu, yaani milimita 6 na kidogo, la sivyo difu ya katikati hufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Pancha isiyozibika kwenye tairi moja huweza kukulazimu kununua nne. Ni gharama ya kuipanga mapema.

Mkazi wa Goba

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimefungua boneti na kumulika kwa tochi: stika ya mkanda haipo. Kwenye fremu ya mlango ipo stika ya oili yenye tarakimu 30 kwenye nafasi ya mwaka, na kwa hesabu ya Mwagizaji hiyo ni Heisei, yaani 2018, ambayo hainisaidii kwa mkanda. Nimeamua kazi ya mkanda ifanyike kabla ya lolote, na gari nimeliegesha. Swali langu la mwisho linatokana na fundi wa jirani aliyejitolea kunifungia. Anasema tenshena iliyopo bado ina nguvu, kwamba ataibana irudi na kuitumia tena, na kwamba mkanda wenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Je, nimkubalie, na nikisimama pembeni yake nitazame nini?

Fundi wa Tabata

Ndugu yangu, tenshena usiitumie tena. Ni ya haidroliki, na ile ya zamani ina mafuta na sili za umri uleule wa mkanda. Mpya huja imebanwa tayari, na pini imepita kwenye tundu lake, hivyo fundi hahitaji kuibana kwa chochote. Mwongozo wa Subaru, kwa anayelazimika kuirudisha, unataka itumike presi ya wima, na ikandamizwe polepole kwa muda usiopungua dakika 3. Jiliwa limekatazwa. Akiichukua ya zamani na kuipeleka kwenye jiliwa, mwombe asimame hapohapo.

Akishafungua vifuniko, tazama anavyolinganisha alama. Kwenye gia ya krankishafti kuna mshale unaoonekana usoni, na wengi huutumia huo, siyo wenyewe. Alama ya kufungia mkanda ni mkato mdogo kwenye jino lililo nyuma ya gia hiyo, unaotakiwa kulingana na alama iliyo juu kwenye pampu ya oili. Krankishafti ikiwa hapo, pistoni zote ziko katikati ya silinda na haziwezi kugusa valvu. Hatari inayobaki iko kwenye kamshafti za upande wa kushoto, ambazo springi za valvu huzisukuma. Zikiachiwa huruka kwa nguvu, na valvu zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Fundi anayejua atazishika kwa kifaa au spana kabla hajautoa mkanda wa zamani, na hatazizungusha ovyo kutafuta alama.

Mkanda ukishakaa na pini ikichomolewa, azungushe krankishafti kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, akisikilizia kama kuna mahali inakwama. Asiwashe kwa stata kabla ya hapo. Hiyo asubuhi moja inatosha kwa mkanda peke yake. Kwa pampu, themostati na usafi wa uso wa gasketi ya pampu, mpe siku nzima na usimharakishe.

Kulenti ijazwe polepole, ikiwa imechanganywa na maji yaliyosafishwa na siyo ya bomba, kwa kuwa silinda za injini hii zimelala ubavu na hewa hujificha kwenye vichwa vya silinda. Aiache injini ingurume hadi feni ziwake mara mbili, hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, huku akitazama mapovu na geji ya joto. Kisha izimwe ilale usiku kucha. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha tangi dogo la juu na uongeze kilichopungua kabla hujaondoka kwenda kazini. Na kikipungua tena asubuhi ya pili, mwite arudi atafute kinapovuja.